Hamira ya Chungu cha Mama

Isevya, Novemba 24, Jumapili

Mvua ya kwanza imenyesha leo katikati ya misa. Ilipiga bati kwa nguvu hata padri akanyamaza, akakunja mikono, akangoja. Mimi sikusikitika. Wakati narudi nimenunua daftari hili, kwa sababu mama alikuwa na desturi ya kuanza kitu siku ya mvua ya kwanza. Yeye alianza mistari ya karanga. Mimi nimepanga chumba kimoja, sina hata tuta la mchicha, basi nimeanza daftari.

Nijitambulishe, nisije nikalisoma uzeeni nikadhani ni la mtu mwingine. Mimi ni Spesioza, binti Viktori Manirambona wa Ulyankulu, fundi wa maabara hapa Tabora mjini. Kazi yangu ni kuhesabu watoto wa hamira. Nikimwambia mtu hivyo hucheka, kisha huniuliza bei ya maandazi. Lakini ndiyo kazi. Seli ya hamira huota kinundu ubavuni, kinundu hukua, hujitenga, huwa seli nyingine. Ile ya zamani tunaiita mama, mpya tunaiita binti. Mimi hukaa kwenye hadubini na sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, namsogeza kila binti pembeni, naandika. Mama akikoma kuzaa, mstari wake umefungwa. Daktari Revocatus, mkuu wetu, husema vyombo vilivyomo ndani ya seli ya hamira na vilivyomo ndani ya seli ya mtu ni ndugu wa karibu mno. Ukitaka kujua seli inazeekaje, au inavumiliaje joto la homa, huwezi kumwamuru mtu azae kila saa moja na nusu ili wewe uhesabu. Hamira haina neno.

Kati ya aina tunazozichunguza, inayovumilia joto kuliko zote tumeipa jina la TB-17. Imetoka kwenye chungu cha pombe cha mama yangu. Alinipa mwenyewe miaka mitatu iliyopita, mashapo ya chini kabisa, kijiko kimoja. Mama, Gaudensia Nijimbere, alifariki Mei tatu mwaka huu. Kwa hiyo siku tano kwa wiki nakaa nikikiangalia kitu kilichokuwa mikononi mwake, na bado kinazaa.

Desemba 2

Mama mmoja, mabinti ishirini na wawili. Umeme umekatika mara mbili.

Desemba 7, Jumamosi

Baba amepiga simu. Kuganduka kutakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Kwetu sisi wenye asili ya Burundi, mtu akifa nyumba yake hubaki msibani mpaka siku hiyo. Watu hurudi, pombe huletwa, husemwa maneno ya mwisho, na kuanzia hapo walio hai wanaruhusiwa kuwa hai.

Nikamwambia, "Baba, pombe itoke kwenye chungu cha mama."

Chungu kile hakikuwahi kuguswa na sabuni. Mama alikisuuza kwa maji baridi, akakiinamisha nyuma ya jiko, na hamira ikalala kwenye nyufa za udongo mpaka uji wa kimea utakapomiminwa tena. Siku hizi anakitumia wifi yangu Esperansi, mke wa kaka Fideli. Pombe ya mtama inapikwa nyumba nyingi Ulyankulu, lakini ile ya mama unaijua hata umefumba macho. Ina ukali kidogo mwishoni, na harufu ya ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Baba aliniuliza kwanza kama mvua imefika mjini. Kisha akasema, "Tutaona, mwanangu."

Desemba 14

Daktari anataka sampuli mpya kutoka chungu kile kile, ailinganishe na ya zamani. Tutakwenda Ijumaa na gari la kazini. Nimemjulisha Esperansi.

Desemba 20, Ijumaa

Tumefika Ulyankulu saa sita mchana, gari tope mpaka madirishani. Baba alikuwa kibarazani anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nikadhani anamwonea haya Daktari.

Esperansi alitupokea kwa vigelegele, amevaa kanga mpya, amechinja kuku. Baada ya kula Daktari akatoa vijiti vyake vya pamba na vichupa, akaomba aonyeshwe chungu. Esperansi akakileta amekipakata kama mtoto wa ubatizo. Kilikuwa kinang'aa. Kabla hajakiweka chini nilishasikia harufu ya sabuni ya unga.

"Wifi, umekiosha?"

"Nimekiosha, wifi. Nimekisugua kwa mchanga na sabuni, nikakichemshia maji, nikakiweka juu ya moshi siku mbili. Mgeni daktari aje akute chungu kina ukoko? Aibu ingekuwa ya nani?"

Sikumbuki yote niliyosema. Nilisema kwa Kirundi ili Daktari asielewe, naye alielewa, maana alitoka nje akaenda kuwatazama mbuzi. Nilimwambia Esperansi amemuua mama mara ya pili. Nilimwambia mbele ya watoto wake. Yeye akageuka akamtazama baba. Baba akaendelea na mpini wake, maganda ya mti yakimwangukia miguuni. Esperansi akainama, akasema, "Nisamehe, wifi. Sikujua."

Daktari alipitisha vijiti kwenye kila ufa, ndani na nje, vijiti kumi na viwili. Alifanya kwa adabu tu, kwa ajili yangu.

Wakati wa kurudi, tulipoingia barabara kubwa, Daktari akaniuliza: "Spesioza, ile ya maabara si tunayo?"

"Tunayo, Daktari."

"Basi haijafa."

Nikageukia dirishani, nikalia mpaka mjini.

Desemba 25

Krismasi. Sikwenda nyumbani. Chapati mbili, chai, usingizi.

Januari 6

Vijiti kumi na viwili havikutoa hamira hata moja. Bakteria, na ukungu wa kijani kidogo.

Friza yetu imekufa tangu Oktoba, inangoja kipuri. Kwa hiyo TB-17 yote iliyopo duniani imo katika vichupa sita vya friji na sahani moja iliyoko kwenye hadubini yangu. Nimeandika neno "duniani", kisha nimerudi kulisoma.

Januari 17

Esperansi amepiga mara mbili. Sikupokea.

Januari 21

Siku ya nne ya mvua. Barabara ya Isevya imekuwa mto, watoto wanapita na viatu mkononi.

Nimefunga mstari leo. Kwa joto la nyuzi thelathini na saba, ambalo huzikata pumzi aina nyingine, mama mmoja wa TB-17 amezaa mabinti thelathini na mmoja. Mwenzangu Recheli alikuja kuchungulia. Yeye ni Mmoraviani wa hapa hapa mjini, ana mdomo, na simu yake inaimba kwaya.

"Dada Spe, bibi kizee huyu hachoki?"

Nikamwambia mama yangu alizaa wanane, akazika watatu, na kila Jumamosi alikuwa na pombe chunguni. Recheli akaniletea chai.

Namtamani mama leo kuliko siku ya maziko. Siku ya maziko kulikuwa na watu wa kulisha, maji ya kuchota, shuka za kuazima. Leo hakuna kazi ya kufanya isipokuwa kumtamani. Natamani aniite kwa jina langu lote, Spesioza, kwa ile sauti ya kutaka nimletee kitu kilichoko karibu naye mwenyewe. Natamani kunusa mikono yake. Na najua namna moja tu ya kuipata ile harufu tena.

Februari 4

Nimemwomba Daktari. Nilijiandaa wiki nzima, nikasema maneno yote kwa mkupuo: nataka TB-17 kidogo, niipeleke nyumbani kwa ajili ya baba, pombe ya kuganduka itokane nayo.

"Hapana," akasema. "Kitu kikishaingia humu hakirudi mdomoni mwa mtu. Friji hiyo hiyo ina fangasi tuliopewa kutoka kwa wagonjwa. Nikiwaumiza tumbo watu mia wa Ulyankulu nitasema nini?"

"Ni ya mama yangu, Daktari."

"Ndiyo maana nakukatalia wewe hasa. Mwenye hamu haoni uchafu."

Ana haki, na leo simpendi kabisa. Recheli, mcha Mungu wetu, amenishauri nitie kichupa kimoja kwenye mkoba. Kasema Mungu naye hupepesa macho. Nilicheka, lakini siku nzima mkoba wangu ulikuwa wazi.

Februari 13

Mahindi mabichi yamejaa sokoni. Recheli anakula mawili ya kuchoma mchana na mawili jioni.

Februari 24, Jumatatu

Niandike kwa mpangilio.

Umeme ulikatika Ijumaa alasiri, ukarudi leo alfajiri. Nilipofungua mlango asubuhi, kitu cha kwanza kilikuwa rangi. Unga wa rangi ya chungwa kwenye ukingo wa meza. Unga wa rangi ya chungwa kwenye mpini wa friji. Nikafungua friji, ilikuwa vuguvugu bado, na vichupa vyote sita vya TB-17 vimevaa kofia za rangi ile ile. Nyuzi zilikuwa zimepenya pamba za midomoni na kushuka ndani.

Ukungu huo naujua. Wataalamu wa zamani waliufuga makusudi, na kwa kuuchunguza ndipo walipoanza kuelewa kila jeni ina kazi gani ndani ya seli. Ukiwa kwenye chupa yake ni mwalimu mzuri. Ukitoka ni moto, hutembea karibu sentimita kumi kwa siku, na chakula unachokipenda ni magunzi ya mahindi yaliyopitiwa na moto.

Recheli alipoingia nikamwuliza neno moja tu. "Magunzi?"

Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Jumatano alikuwa anakula hindi la kuchoma humu ndani, jambo linalokatazwa kwa herufi nyekundu mlangoni. Akasikia viatu vya Daktari kwenye korido, akayasukuma magunzi matatu kwenye kabati la chini ya meza. Daktari akakaa saa nzima akizungumza. Yeye akasahau. Tulipofungua kabati tuliyakuta yamefura manyoya ya chungwa kama vifaranga.

Ikabaki sahani ya kwenye hadubini. Niliizungushia utepe Ijumaa, na juu ya ute wake, ulio chakula cha hamira, kulikuwa na seli sita nilizokuwa nazihesabu. Utepe uliachia upande mmoja. Nyuzi zilishaingia, na kati yake na seli zangu haikufika sentimita mbili.

Daktari alifika, akatazama, akasema, "Choma vyote." Ndivyo inavyopaswa. Ukungu ule ukiachwa huhamia kwenye kazi ya kila mtu.

"Nipe saa tatu, Daktari."

Akaitazama sahani, akanitazama mimi. "Mbili."

Tulifunga madirisha, tukazima feni. Recheli alipangusa spiriti kila mahali, kisha akasimama ukutani asipumue karibu yangu. Kufungua tu kifuniko kunaweza kupeperusha mbegu za ukungu, basi nilikifunua polepole, kama unavyomfunua mtoto aliyelala. Nikaishusha sindano. Seli ya kwanza ilipasuka. Ya pili niliikuta imeguswa na uzi, nikaiacha. Ya tatu ilinifuata. Niliikokota unywele kwa unywele, mpaka ukingo wa mbali kabisa wa sahani. Nikarudi kwa ya nne, vidole vikakataa. Nikaona nikilazimisha nitapoteza hata hiyo moja. Nikapitisha wembe motoni, nikakata kipande cha ute kisichozidi punje ya mchele, nikakihamishia kwenye sahani mpya, nikaifunga mara tatu.

Seli moja.

Mengine yote tuliyatia kwenye sufuria kubwa ya mvuke. Hilo sikulitarajia: mvuke ulipoanza kutoka, chumba kizima kilinuka ndizi iliyoiva kupita kiasi. Vichupa sita vya mama vinachemka. Nilitoka nje nikasimama kwenye manyunyu mpaka ilipokwisha.

Saa sita, hakuna kitu. Saa saba, hakuna. Saa nane kasorobo nikaona kinundu ubavuni, kidogo mno, nikamwita Recheli aangalie asije akasema ni macho yangu. Saa tisa unusu binti alikuwa amekamilika. Recheli alipiga magoti pale pale sakafuni akamshukuru Mungu kwa Kinyamwezi, kwa sauti, na Daktari mlangoni akavua miwani akaifuta.

Februari 26

Sasa ni maelfu. Hakuna hata chembe ya chungwa.

Machi 1, Jumamosi

Nimekuwa nikifua na kufikiri. Recheli nilimsamehe siku ile ile, kabla ya chakula cha jioni. Esperansi nimemnyima sauti yangu zaidi ya miezi miwili, na wote wawili walikosea kwa sababu ya viatu vya Daktari yule yule. Mmoja alificha uchafu, mwingine aliuondoa. Tena Recheli amesomea kazi hii. Esperansi nani alimfundisha?

Nikampigia. "Wifi, nilikutukana mbele ya wanao. Nisamehe."

Alilia. Nilisikia kuku nyuma yake, na mvua. "Usiniombe mimi msamaha, wifi," akasema. "Acha tu. Iko siku."

Sikumwuliza siku gani. Nilikuwa na haraka ya kumweleza habari za seli moja.

Machi 5

Jumatano ya Majivu. Nimeigawa TB-17 katika vichupa kumi vya vifuniko vya kukaza. Pamba basi.

Machi 18

Tumelinganisha vinasaba vya hamira iliyopona na rekodi ya zamani. Ni yenyewe, haijabadilika.

Baada ya hapo Daktari aliniita ofisini. Alikuwa na fomu mezani, ile ya ridhaa ambayo mama alitia saini alipotoa sampuli. Alikuwa ameitafuta kwa ajili ya ripoti ya ukungu. Akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja: mtoa sampuli au familia yake anaweza kuomba kurudishiwa sehemu yake. "Sheria hii niliiandika mimi mwenyewe," akasema, "nikaisahau."

Chini yake kuna nafasi ya maswali. Watu wengi huiacha tupu. Mama alijaza, kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto: *Kijiko changu nitarudishiwa lini?*

Nilicheka. Daktari naye akacheka, kisha akaona nimefunika uso na kanga, akatoka akaniachia ofisi. Kijiko hakikurudishwa. Hakuna anayejua kiliko.

Masharti amenipa kwenye karatasi. Nianze na kichupa ambacho hakijaingia friji ya wagonjwa. Niipitishe mara tatu kwenye uji safi wa kimea, kila mara nipime kama kuna bakteria, na chombo kiwe kipya. "Hata hamira ya dukani ilianzia maabara ya watu," akasema. "Ila ilitoka kwa mlango wa mbele."

Aprili 12

Chumba changu kinanuka kama nyumbani. Recheli alikuja kunisaidia. "Nitakoroga, ila sitaonja," akatangaza, akakoroga kwa nguvu za mtu anayepambana na kishawishi. Kasema bibi yake, Nyamizi, amemwambia wapagazi wa zamani waliopita hapa na mizigo kwenda Ujiji walifunga kimea kikavu kiunoni, ili kila kambi iwe na pombe yake. "Kwa hiyo na wewe ni mpagazi, Dada Spe. Mzigo wako ni lita tatu."

Vipimo vitatu, vyote safi.

Aprili 22, Ulyankulu

Nimesafiri na dumu mapajani, kifuniko nimekilegeza lisipasuke. Basi zima lilinuka. Mzee mmoja kanisimamia karibu safari yote.

Esperansi ameotesha kimea cha mtama, amekianika, amekisaga. Tumepika uji, tumeungoja upoe, tumeumimina kwenye kile chungu kinachong'aa, nikatia chachu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, baba anajua?"

"Nataka nimshtukize."

Akakifunika chungu kwa ungo, akatoka nje.

Aprili 24

Esperansi ameniita kabla jua halijachomoza. Povu lilikuwa limeinuka mpaka shingoni mwa chungu. Tuliinama wote wawili. Yeye ndiye aliyesema: "Ni yeye."

Tulikaa chini pembeni ya chungu mpaka watoto walipoamka.

Aprili 27, Jumapili

Jana tumeganduka. Watu walijaa uwanjani mpaka chini ya mihogo. Sala ilisaliwa, kaka Fideli akataja jina la mama na la wazazi wake, na kibuyu cha kwanza kikapelekwa kwa baba, maana mwenye msiba ndiye anayefungua. Nilikipeleka mimi kwa mikono miwili. Nilikuwa na furaha kama mtoto. Msimu mzima nilikuwa nikiingoja dakika ile.

Baba alinusa kabla hajanywa. Akanywa funda moja, akakiweka kibuyu chini taratibu, akanyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba. Watu walisita. Fideli akaanzisha wimbo. Nikachukua kibuyu, nikamfuata.

Alikuwa ameshika ukuta.

"Umeitoa wapi?"

"Kazini, baba. Ile aliyonipa mwenyewe."

"Chungu si kilioshwa?"

"Kilioshwa. Esperansi aliki..."

"Esperansi hana kosa. Mimi nilimwambia akioshe."

Sikuelewa. Akageuka, na sijawahi kumwona baba na uso ule, hata siku ya maziko.

"Kila Esperansi alipopika pombe, nyumba nzima ilinuka Gaudensia. Naamka, nageukia upande wake. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ulipotuma habari kwamba mnakuja kuchukua nyingine, nikamwambia mkwe wangu: sugua, chemsha, kisibaki na kitu. Na wewe ukimwuliza asinitaje." Akajifuta kwa mkono wa shati. "Nilikuwa nimeanza kuzoea, mwanangu."

Miezi mitano nilijiambia nafanya haya kwa ajili ya baba. Sikumwuliza hata mara moja. Hamu ilikuwa yangu, nami nilimvalisha yeye. Nikapiga magoti pale kwenye majivu ya jikoni.

"Nisamehe, baba."

Tulisikia wimbo unaisha uwanjani na mwingine kuanza. Kisha akanyoosha mkono, akachukua kibuyu, akanywa kilichobaki chote, polepole, amefumba macho. Akanirudishia.

"Kanijazie."

Nilimjazia. Alinywa akiwa amesimama, machozi yanashuka wala hayafuti. Alipomaliza akauliza, "Huko kazini imebaki?"

"Ipo, baba."

"Itakaa mpaka lini?"

"Tukiilisha, haina mwisho."

"Basi ilishe. Ila usiniletee mpaka nikuombe mwenyewe."

Akarudi kwa watu, akasema maneno ya kuwaruhusu kucheza na kuoa na kuolewa, na pombe ikanywewa mpaka mashapo.

Nilimkuta Esperansi akiosha vibuyu. Nilimwuliza kwa nini alikubali nimtukane vile, na jibu analo, tena baba ameketi pale pale.

"Ningemsema mkwe wangu mbele ya mgeni, kwamba hawezi kulala?" akasema. "Nisogezee maji, wifi."

Nikachukua kibuyu mkononi mwake, nikaosha naye.

Mei 3

Mwaka. Misa ya asubuhi. Hakuna mvua tangu wiki iliyopita.

Mei 19, Jumatatu

Nyasi zimeanza kukauka. Friza imetengenezwa, na sehemu ya TB-17 imelala humo. Daktari anataka tuandike makala kuhusu mabinti thelathini na mmoja.

Baba alipiga jana. Aliuliza afya, kazi, bei ya mbolea mjini. Akasema amelala vizuri wiki hii. Mimi nilikuwa nangoja. Akasema, "Haya, mwanangu," akakata.

Hajaomba. Pengine hataomba. Leo asubuhi nimechukua kitone kutoka kichupa cha zamani, nimekihamishia kwenye chakula kipya, nimeandika tarehe. Nitafanya hivyo kila Jumatatu, ili siku akiniomba nisimwambie angoje.